Niko prelimu ya upasuaji Marekani, nataka kuhamia residensi (mafunzo ya ubingwa) ya imejensi (tiba ya dharura), nianzie wapi?

MtarajaliOhio

Wakuu habari za humu, na shikamoo kwa wote mliotangulia. Mimi ni binti, nimesoma udaktari Tanzania, nikafanya utarajali nyumbani, nikapiga Step zangu za mwanzo, ile mitihani ya leseni ya Marekani, nikapita, na kwenye Mechi ya mwaka huu (mfumo wa kitaifa unaowagawa madaktari kwenye residensi) niliomba upasuaji nikakosa nafasi ya kategoriko, ile residensi kamili ya miaka mitano, wiki ile ile kwenye SOAP, ule mgao wa nafasi zilizobaki wazi, nikapata prelimu ya upasuaji hospitali moja huku Ohio. Kwa wasioijua, prelimu ni mwaka mmoja tu: kazi za interni (daktari wa mwaka wa kwanza) unafanya zote, zamu unalala zote, wadi unazunguka kama wenzako, ila mwaka wa pili haupo, Juni 30 mkataba umekwisha na ukitaka kuendelea ujitafutie mwenyewe.

Sasa tangu nianze Julai moyo umeenda kwingine kabisa. Tukiitwa kushuka imejensi kupokea majeruhi ndipo nakuwa macho kwelikweli, mtu kaletwa hajulikani ana nini, mnaangalia njia ya hewa, pumzi, damu, mnaamua hapo hapo. Na siyo majeruhi tu, hata yule mama wa kitanda cha pili mwenye kifua kinachobana na mtoto wa kitanda cha tatu mwenye degedege natamani nibaki nao, lakini kazi yangu ikiisha inabidi nipande thieta. Nimejiuliza sana kama ni uchovu wa upasuaji tu, naona siyo, hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Naombeni mnisaidie: inawezekana kutoka prelimu ya upasuaji kwenda imejensi? Huu mwaka utahesabiwa au naanza upya? Zile barua za SLOE, yaani barua sanifu za tathmini toka imejensi, nitazitoa wapi wakati mimi siyo mwanafunzi tena? Mkurugenzi wangu wa programu nimwambie au nikae kimya mpaka nipate intavyu? Na niko kwenye viza ya J-1 (ya mafunzo), hapo ndipo naogopa zaidi. Step 3 bado sijafanya. Asanteni.

ZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu, na hongera, kumaliza hata mwezi mmoja wa prelimu ya upasuaji si kazi ndogo. Nimefurahi umeandika Agosti na siyo Februari maana jambo lako lote linaenda na kalenda. Mimi nilipita njia hiyo hiyo, sasa niko mwaka wa mwisho wa imejensi, nakueleza nilivyoiona.

Inawezekana, na wala siyo jambo la ajabu. Huhitaji NRMP, wanaoendesha Mechi, wakufungue kwenye ahadi yoyote kwa sababu ahadi yako ni ya mwaka mmoja na unaumaliza, unaingia Mechi kama mwombaji mwingine yeyote aliyekwisha hitimu chuo. Lakini jipange kichwani kwamba unaanza mwaka wa kwanza. Zamani kulikuwa na programu za imejensi zilizoanzia mwaka wa pili, yaani lazima kwanza ufanye interni mahali pengine ndiyo uingie, siku hizi mfumo ule umekwisha, karibu zote zinachukua watu mwaka wa kwanza kwa miaka mitatu au minne. Mara mojamoja inatokea nafasi ya mwaka wa pili kwa sababu mtu kahama au kaacha, ukiiona omba, ila usijenge mwaka wako juu ya hiyo. Na hiyo mitatu au minne uulize kila programu, maana 2025 ACGME, chombo kinachosimamia residensi, ilitoa pendekezo la kuzifanya zote ziwe miaka minne.

Kalenda sasa. Maombi programu zinaanza kuyasoma mwishoni mwa Septemba, intavyu zinakwenda Oktoba mpaka Januari, orodha yako ya programu unaifunga karibu na mwanzo wa Machi, na wiki ya tatu ya Machi Jumatatu unajua umemechi au hukumechi, Ijumaa unajua wapi. Kwa hiyo wewe una wiki chache tu toka leo, na wiki hizo hizo ndizo unajifunza kazi na peja haikupi nafasi ya kunywa maji. Kitu kingine ambacho wengi waliozoea ERAS, mfumo wa kutuma maombi mtandaoni, hawakijui, imejensi kuanzia msimu wa 2025-2026 imehamia ResidencyCAS. Ukitaka na fani nyingine kama akiba, mfano tiba ya ndani, huko bado ni ERAS, maana yake unajaza sehemu mbili na unalipa sehemu mbili. Fungua akaunti leo, usisubiri wikiendi ya kupumzika kwa sababu haipo.

SLOE ndiyo roho ya maombi ya imejensi, nakuambia ukweli. Wakurugenzi wa imejensi wanaisoma kabla ya alama zako, kwa sababu inakulinganisha wazi na wengine waliopita pale, kama unaweza kufanya kazi bila kushikwa mkono, kama wangependa wakuchukue. Mwanafunzi anazipata kwa rotesheni za mwaka wa mwisho, wewe mlango huo umefungwa, kwa hiyo unatumia hospitali uliyopo. Angalia ratiba yako: prelimu nyingi za upasuaji zina mwezi wa imejensi au wa majeruhi au elektivu (wa kujichagulia). Nenda kwa residenti mkuu anayepanga ratiba, mwombe kwa adabu mwezi wa imejensi uwekwe Agosti au Septemba, badilishana na mwenzako hata kama utachukua zamu zake za sikukuu. Kama hospitali yako ina residensi ya imejensi basi umebahatika, barua inaandikwa na kundi la walimu wao na ina uzito. Kama haina, kuna fomu ya SLOE kwa mabingwa wa imejensi wasio na programu, na kuna nyingine ya nje ya fani ambayo bingwa wa ICU (wagonjwa mahututi) au wa majeruhi anaweza kuijaza. Moja ya imejensi yenyewe na moja ya ICU au majeruhi, pamoja na barua ya mkurugenzi wako, hayo ni maombi yanayosomeka.

Na hapo kwenye mkurugenzi: mwambie, tena wiki hii. Najua watu wengi watakushauri ukae kimya, mimi sikubaliani nao kabisa. Kwanza programu yoyote itakayokuchukua inatakiwa na ACGME ipate uthibitisho wa mafunzo yako na tathmini yako toka programu ya sasa, kwa hiyo atajua tu, bora ajue toka kinywani mwako. Pili anajua una mwaka mmoja, hategemei ubaki, wakurugenzi wengi wa upasuaji wanajisikia wana deni kwa prelimu wao na simu moja yake kwa mkurugenzi wa imejensi ina nguvu kuliko kurasa zako zote. Tatu ndiye anayekupa ruhusa ya siku za intavyu. Usimwambie upasuaji umekushinda au unachosha. Mwambie hicho ulichotuandikia hapa, kwamba unataka mgonjwa akiwa hajulikani ana nini.

Barua yako binafsi iwe fupi na ijibu swali moja ambalo kila mmoja atakuuliza kwenye intavyu: kama ulitaka upasuaji mwaka jana kwa nini leo imejensi. Ukilikwepa wataona ni mtu anayetafuta popote pa kushika. Ukilijibu kwa mgonjwa uliyemwona na kilichokuvuta kwake watakuelewa, na miezi hii ya upasuaji inageuka faida, kwa sababu interni wa imejensi anayejua kuweka mpira wa kifuani, laini ya shingoni, na anayejua tumbo lipi ni la kisu usiku huu, anapendwa.

DaktariWaKisumu

Sasa daktari, pole na kazi. ZamuYaUsiku amesema vizuri, acha mimi niongezee ya viza kwa sababu hapo ndipo nimeona wasee wakikwama na barua za SLOE wako nazo.

Kwa J-1 yako anayekudhamini ni ECFMG, shirika la Marekani linalothibitisha madaktari waliosoma nje, siyo hospitali. Ulipoomba udhamini ulileta barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako ikisema nchi inahitaji madaktari wa fani fulani. Hiyo barua inataja fani. Kama yako inasema upasuaji, ukimechi imejensi unahitaji nyingine inayosema imejensi, na hiyo haitoki siku mbili. Sisi tunaifuata Afya House Nairobi, nyinyi ni Dodoma, kote kuwili karatasi inatembea kwa miguu ya mtu, kwa hivyo tafuta ndugu mwenye subira awe tayari kufuatilia ofisini. Usingoje Machi. Anza kuuliza utaratibu mapema, ujue wanataka nini, ili siku ya Mechi iwe tu ni kuweka jina la programu na kutuma.

Halafu sheria ya J-1 inakuruhusu kubadilisha fani mara moja tu, na iwe ndani ya miaka miwili tangu uingie kwenye J-1. Wewe uko ndani, usiwe na wasiwasi, lakini ujue hiyo nafasi ukiitumia imeenda, huwezi kuja mwaka wa tatu useme sasa nataka anesthesia. Jumla ya miaka kwa kawaida ni saba, moja ya prelimu na tatu au nne za imejensi unatosha, hata na felo (ubobezi) ya mwaka mmoja ukitaka.

Kuna wengine watakuambia utafute programu inayotoa H-1B, viza ya kazi. Hiyo inataka uwe umepita Step 3 na programu nyingi za imejensi hazidhamini. Lakini Step 3 fanya tu, fanya kabla ya Januari ukiweza, kwa mtu aliyesoma nje ni dalili kwa mkurugenzi kwamba mtihani hautakuwa shida yake.

Ile stori ya pesa pia niimalize maana utaisikia. Watu watakutisha eti ukishaanza programu moja Medicare, bima ya serikali inayozilipa hospitali kwa mafunzo ya maresidenti, hailipi tena hivyo hakuna atakayekuchukua. Siyo hivyo. Medicare inahesabu miaka kulingana na fani ya kwanza uliyoanza. Ukianza upasuaji unahesabiwa mitano, kwa hivyo moja ya prelimu ukijumlisha tatu au nne za imejensi bado uko ndani ya mitano. Aliyeanza prelimu ya tiba ya ndani anahesabiwa mitatu, huyo mwaka wa mwisho hospitali inapata nusu ya sehemu moja ya malipo, ile sehemu nyingine haiguswi. Hospitali kubwa haimkatai mtu mzuri kwa hiyo nusu. Kwako wewe kwa kweli halipo hilo swali, lakini lijue, kwa sababu kuna mratibu atakuuliza na ukimjibu vizuri anafunga faili anaendelea.

MzeeWaICU

Salaam wanangu. Mimi nitasema la upande wa pili, msinielewe vibaya, simvunji moyo binti yetu.

Mwaka 2021 kulitoka utafiti wa ajira ukakisia kwamba ifikapo 2030 Marekani itakuwa na ziada ya karibu madaktari 8,000 wa imejensi. Wanafunzi wakaogopa, na kovidi ndiyo ilikuwa imewachosha walio kazini, matokeo yake Mechi ya 2022 nafasi 219 za imejensi zikabaki wazi, na 2023 zikabaki 554. Ndugu zetu wengi waliosoma nje wakaingia kupitia mlango huo. Nasikia mpaka leo watu wanashauriana imejensi ni rahisi, nafasi zinabaki. Hapana. Baada ya hapo zilianza kujaa tena, kwa hiyo asiyekuwa na SLOE asijidanganye na habari za 2023. Binti, ukiomba omba programu nyingi, na weka tiba ya ndani kama akiba kwa nia kabisa, siyo kwa kujaza fomu. Mtu mwenye J-1 asiyemechi Machi na mkataba unaisha Juni hana muda wa kukaa nchini akifikiria.

La pili ni kazi yenyewe. Unapenda dakika zile za kwanza, ni nzuri, nazipenda hata mimi wakinipandishia mgonjwa. Lakini kaa imejensi Jumatatu saa kumi jioni uone. Wagonjwa waliokwisha pangiwa wadi wanalala korido masaa kumi, masaa ishirini, kwa sababu kitanda juu hakuna, na daktari wa imejensi ndiye bado anawajibika nao huku chumba cha kusubiri kimejaa. Hiyo ndiyo inayowachosha wenzetu kuliko damu. Nenda kaione kabla hujajaza orodha.

ZamuYaUsiku

Mzee shikamoo, ya akiba nakubaliana nawe kabisa, na ya korido ni kweli tupu, usiku wa jana nilipokea zamu yenye wagonjwa wa wadi wengi kuliko wagonjwa wapya. Mdogo wangu aione, nimeungana na mzee.

Ila nami niseme kwa nini sijajuta. Tangu 1986 kuna sheria inaitwa EMTALA, hospitali yenye imejensi inayolipwa na Medicare lazima imwangalie kila anayeingia na kumtuliza hali yake hata kama hana senti wala karatasi. Kwa hiyo mlango wetu ndio pekee hospitali nzima ambao haumuulizi mtu bima kwanza. Usiku mmoja nilipata mama wa Kikongo, mkimbizi, hakuna aliyemwelewa, mkalimani wa simu hapatikani, akasikia naongea Kiswahili akanishika mkono akaanza kueleza tumbo toka mwanzo, dakika tano tukajua ni mimba iliyotunga nje, akapandishwa thieta yuko hai. Huyo mama asingefika kliniki yoyote. Kwangu kazi hii ni hiyo, na korido naipigania nikiwa ndani.

Na masaa mdogo wangu, kwa kuwa unatoka upasuaji: sisi tukiwa imejensi zamu haizidi saa 12 mfululizo, na kuona wagonjwa haizidi saa 60 kwa wiki. Usiku na mchana vinachanganyika mpaka mwili unalalamika, hilo sikufichi, lakini ukitoka umetoka.

ImejensiDar

Habari wakuu, niko nyumbani Dar. Nimesoma nikaona niseme neno kwenye hilo la J-1, kwa sababu ukimaliza mafunzo unatakiwa urudi nchini kwako miaka miwili, au upate msamaha kwa kufanya kazi sehemu yenye uhaba wa madaktari huko huko, ule mpango wa Conrad 30 ambao kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka. Na huo mpango majimbo mengi yanatanguliza tiba ya msingi, kwa hiyo mtu wa imejensi aangalie jimbo lake linasemaje.

Sasa wengi wanaliongelea hilo la kurudi kama adhabu. Mimi naomba dada aliangalie tofauti. Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo chuo cha MUHAS kikaanza kufundisha mabingwa wa dharura, miaka mitatu ya MMed, shahada ya ubingwa. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alikuwa anapokelewa na daktari mdogo kabisa aliye zamu na kupelekwa wadi bila kutulizwa. Leo mabingwa wapo, chama cha tiba ya dharura, EMAT, kipo, hospitali za rufaa za mikoani zinajenga vitengo, na bado mabingwa ni wachache sana kwa nchi hii yenye ajali za bodaboda na mabasi kila wiki. Kwa hiyo hiyo barua ya Wizara inayosema nchi inahitaji bingwa wa imejensi, dada, haidanganyi. Ukirudi miaka miwili utafundisha, utafanya kazi na watu wanaokusubiri. Ukiandika barua yako binafsi na hili ni kweli moyoni mwako, liseme. Kama siyo kweli usiliseme, wanasikia.

MtarajaliOhio

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimeongea na residenti mkuu leo baada ya raundi, Septemba amenipa mwezi wa imejensi kwa kubadilishana na mwenzangu, na hospitali yetu ina residensi ya imejensi kwa hiyo SLOE ya kundi inawezekana. Mkurugenzi nimepata nafasi ya kumwona Alhamisi. Mzee wa ICU asante sana, nitaomba na tiba ya ndani kwa nia kabisa, na nimemwomba residenti wa imejensi nikae naye Jumatatu jioni nikiwa nje ya zamu. Kaka yangu yuko Dodoma ameshakubali kufuatilia Wizarani. ImejensiDar, nilikuwa sijawaza kurudi kwa namna hiyo, nimewaza tangu jana.

Swali la mwisho: SLOE ya Septemba itachelewa kufika, nitume maombi bila hiyo au nisubiri?

ZamuYaUsiku

Tuma siku ya kwanza, usisubiri. Tuma na barua ya mkurugenzi na ya bingwa wa majeruhi, andika wazi kwenye maombi kwamba uko kwenye rotesheni ya imejensi mwezi huu na SLOE inakuja, na ikiingia waandikie waratibu wa programu unazozitaka zaidi mistari miwili kuwajulisha. Mwambie na mwandishi wa SLOE tangu siku ya kwanza ya rotesheni kwamba unaihitaji mapema, siyo siku ya mwisho.

Na moja ambalo watu hulisahau: programu nyingi za imejensi zinaanza semina ya wapya katikati au mwishoni mwa Juni, wewe mkataba wako unakwenda mpaka Juni 30. Usimalize likizo yako yote Desemba. Weka wiki moja au mbili za mwisho wa Juni, na Alhamisi ukiwa ofisini kwa mkurugenzi liombe hilo pamoja na siku za intavyu, liandikwe kwenye barua pepe.

DaktariWaKisumu

Na tarehe za J-1 zifuatane, ya zamani ikiisha mpya ianze bila pengo. Ukipata programu mwambie mratibu wao siku hiyo hiyo kwamba unahitaji udhamini mpya wa ECFMG, wengine hawajawahi kupokea mtu wa prelimu na hawajui. Tuandikie Ijumaa mkurugenzi amesemaje.